Changu Saizi ya Sabuni, na Mjomba Ataka Kuuza Ngalawa

Hivi msomaji wangu, hebu sema kweli: mara ya mwisho kula changu aliyejaa sahani, kichwa huku na mkia unaning'inia kule, ilikuwa lini? Sisemi wa hotelini ambako unalipia mpaka kiyoyozi. Nasema changu wa mtaani, wa karai, anayefungwa kwenye gazeti (pengine hilihili) na pilipili pembeni. Kama jibu lako ni "jana", basi wewe ni mwenye nazo, funua ukurasa wa michezo utuache wenzako. Sisi tunakula changu wa saizi ya sabuni ya kuogea, tena sabuni yenyewe iliyokwisha kutumika wiki nzima.

Najua wiki iliyopita niliwaahidi ile kasheshe ya mahari. Vumilieni. Leo limetokea la nyumbani kwetu, na la nyumbani halingoji zamu.

Mama yangu anakaanga samaki pale Tegeta. Mimi nimesomeshwa na karai. Mwaka 2014 nilipoingia kidato cha kwanza, ada, sare, daftari na nauli ya daladala, vyote vilitoka kwenye mafuta yale yanayochemka. Nikirudi shule naparua magamba kwanza ndipo nishike hesabu, na kama leo nakuandikia wewe badala ya kuwa daktari, usimlaumu samaki. Samaki walikuwa wakitoka kwa mjomba wangu, kaka yake mama, mvuvi wa Kunduchi. Ndoo mbili kila jioni, na mama akizimaliza kabla ya saa tatu usiku. Siku hizi ndoo moja ikijaa mama anamshukuru Mungu, na mara nyingine anaijazia kwa vibua wa barafu walioshushwa na makontena.

Basi bwana, mwezi uliopita mjomba akaita kikao. Ukiona mvuvi anaita kikao mchana, siku ambayo bahari imetulia na wenzake wako majini, ujue kuna jambo. Tukakaa mkekani, mimi, mama na mke wa mjomba. Binamu yangu, kijana wao wa mwisho, alisimama mlangoni anachezea simu. Mjomba akasema taratibu kama mtu anayetangaza msiba:

"Nimeamua. Nauza ngalawa, nimnunulie huyu bodaboda."

Kimya. Mama ndiye aliyekivunja. "Na mimi nikaange nini, kaka? Magurudumu?"

Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha msibani. Ngalawa ile ilichongwa kwenye gogo la mwembe enzi za babu mzaa mama. Mbawa zake zimebadilishwa, tanga limebadilishwa sijui mara ngapi, ila gogo ni lilelile. Mjomba akaeleza hesabu zake. Anatoka saa tisa usiku, anarudi saa nne asubuhi, mgongo unamuuma, na akivuta dema anakuta tasi wawili wameinamiana kama wafiwa. Mwenye bodaboda analala nyumbani kwake na jioni ana noti mfukoni. Ukimsikiliza huwezi kumbishia.

Kisha akanigeukia. "Haya mama, wewe si ndiye unaandika magazetini? Nenda kaulize samaki wamehamia wapi. Ukipata anwani yao niletee, nisiuze."

Alisema kwa utani. Mimi nikalibeba kama lilivyo.

Jibu la haraka, lile la kila kijiwe cha Pwani, ni baruti. Na si uongo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 ilishaikataza, lakini sheria na bahari walikuwa hawajuani. Mwaka 2015 nilikuwa kidato cha pili, na asubuhi tulikuwa tunasikia mlio wa mbali, puu!, kama mlango mzito umebamizwa chini ya maji. Mwalimu wala hageuki. Mwezi Machi na Aprili mwaka huohuo watafiti walipita na vinasa sauti vya majini kwenye pwani yote ya Tanzania, kilomita 2,692, wakarekodi saa 231. Walithibitisha milipuko 318. Sasa shika kiti: karibu asilimia 62 ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Si Mtwara huko, si Tanga huko, ni hapa hapa kwetu, na kuna mahali ilifikia karibu milipuko 10 kwa saa moja. Baruti haichagui. Inaua changu wa kuuza na mtoto wa changu pamoja, wengi wanazama bila kuokotwa, na matumbawe yanabaki kokoto. Kokoto zile zinasukumwa na mawimbi huku na huku, tumbawe changa halipati pa kushika.

Baadaye dola ikakaza kamba. Doria, kesi, misako ya wanaouza baruti na si wanaoilipua tu, na milio ikapungua sana. Leo mtoto wa kidato cha pili Kunduchi hajui hadithi hiyo labda asimuliwe.

"Sikatai," mjomba akaniambia nilipompelekea habari hizo. "Baruti imepungua. Sasa mbona hawajarudi kama zamani? Mgeni akifukuzwa na kelele, kelele zikiisha si anarudi?"

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta kweli. Maana mgeni anarudi kama nyumba bado ipo.

Sisi wa mjini tunadhani samaki anaanzia baharini na kuishia Feri kwenye mnada. Kumbe wengi wanalelewa mahali ambapo sisi tukipita tunaziba pua. Chukua kamba. Mama yake anataga nje baharini. Vifaranga, vidogo kuliko punje ya mchele, vinasukumwa na maji mpaka kwenye midomo ya mito na kwenye mikoko. Huko vinajibana katikati ya mizizi, vinakula mabaki ya majani yaliyooza na vijidudu vya tope, vikishapata mwili vinarudi baharini. Mkizi, chaa, kolekole na chewa, wakiwa wadogo wanapita hukohuko. Kaa koko ndiye kabisa, jina lake lenyewe ni anwani. Samaki mkubwa mwenye njaa hawezi kupenya mizizi ile iliyosukana kama ukili, kwa hiyo mtoto anakula na kulala bila wasiwasi.

Changu wetu naye utoto wake anaupitisha zaidi kwenye nyasi za baharini, zile tunazozikanyaga maji yakipwa tukasema uchafu. Lakini nyasi hizo zinahitaji maji yanayopitisha mwanga, na mikoko ndiyo inayolikamata tope la nchi kavu lisizifunike. Matumbawe nayo yanavunja mawimbi huko nje ili mikoko na nyasi zipate utulivu. Yaani ni nyumba moja yenye vyumba vitatu. Tulipambana na mtu aliyekuwa anavunja sebule, huku jikoni na chumba cha watoto vimebomolewa tukiangalia.

Na mikoko imebomolewa hasa. Ilikatwa boriti kwa karne nyingi, mpaka nyumba za Oman na Ghuba ziliezekwa kwa boriti za Rufiji zilizopanda majahazi. Wajerumani waliitangaza hifadhi mwaka 1898, na mpaka leo kuikata bila kibali ni kosa. Lakini kibali na shoka, kipi chenye kasi? Imekatwa kwa kuni za chokaa, kwa mashamba ya chumvi, kwa mpunga kule delta ya Rufiji, ambako ndiko kuna karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Hapa Dar imekatwa kwa viwanja. Mtu anamwaga kifusi usiku, asubuhi kuna msingi, wiki ya pili kuna geti. Waswahili tukitaka kusema jambo ndiyo kwanza linapamba moto tunasema mkoko unaalika maua. Kwa mwendo huu methali itabaki na mkoko wa kwenye picha.

Tena kuna la mito. Mchanga uliojengea nyumba nyingi za upande wa Tegeta na Mbezi ulichotwa kwenye vijito vinavyoshuka baharini, na watafiti walishapiga kelele juu ya hilo tangu miaka ya 1980. Mchanga ule ndio uliokuwa unateremka na mvua kulisha ufukwe. Ukiuzuia mtoni, bahari inachota ufukwe na hakuna wa kurudishia. Ninyi mnaoshuka kituo cha Afrikana kila siku, mmewahi kujiuliza Afrikana yenyewe iko wapi? Ilikuwa hoteli. Bahari ilikula ufukwe wake mpaka ikaachwa, likabaki jina la kituo. Na ulimi wa mchanga ukiondoka, mikoko iliyojificha nyuma yake inabaki uchi mbele ya mawimbi.

Sasa nikufurahishe kidogo. Mwaka juzi kampuni moja, jina lake ninalo lakini naliacha mfukoni, iliandaa siku ya kupanda mikoko upande huu wa kaskazini. Waandishi tulialikwa. Fulana mpya, kofia mpya, muziki, keki yenye umbo la mti (kweli kabisa, keki, na ilikuwa tamu), na kile kindege kisicho na rubani kinachopiga picha kutoka juu. Bosi alivua viatu, akakunja suruali ya bei mbaya, akachomeka mche wa kwanza. Makofi. Maji yalikuwa yamepwa na mbele yetu kulikuwa na uwanda wa tope mweupe mpana kama viwanja vitatu vya mpira. Wakaujaza wote, mstari kwa mstari.

Mjomba alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu. Nilimfuata nikamwamkia.

"Marahaba mama. Hawa wanafanya nini?"

"Wanapanda mikoko, mjomba."

Akaangalia, akarudi kwenye wavu wake. "Hapo maji yakijaa yananifika kifuani, tena yanakaa. Mkoko gani utapumua hapo? Tangu babu yangu hapajaota koko hapo. Kama hapo mkoko ungekuwa unapataka, si ungekuwa umeshahamia wenyewe?"

Nilimpelekea maneno hayo kijana aliyekuwa msimamizi, kwa adabu zote. Akaniambia utaalamu umezingatiwa, akaniongezea keki.

Mwezi wa tatu nilipita tena na mjomba. Vijiti vilivyosalia unaweza kuvihesabu ukiwa umesimama, vimegandwa na vijikonokono vyenye maganda makali, majani hakuna. Wiki moja tu nyuma yake nilikuwa nimeliona tangazo la kampuni ile, picha ya kutoka juu, miche imejipanga kama gwaride. Na kilichoniudhi zaidi si miche. Uwanda ule haukuwa mtupu. Akina mama wa pale wanachimba chaza na kombe, na ndege wa pwani wanakula hapo maji yakipwa. Walipandia chumba cha wengine.

Nikadhani ni ushamba wetu. Kumbe ni ugonjwa wa dunia. Sri Lanka, baada ya tsunami ya mwaka 2004, kila mwenye fedha alikwenda kupanda mikoko. Watafiti walipozunguka baadaye kwenye maeneo 23 yaliyopandwa, maeneo 9 hayakuwa na mche hata mmoja ulio hai. Ufilipino wamepanda kwa miongo mingi na fedha nyingi, na utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulisema kinachosalia kwa muda mrefu kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu ni ileile ya mjomba na wavu wake: wanapanda kwenye tope la chini ambalo halina mwenyewe wa kugombana naye, siyo kule mikoko ilikokuwa zamani, maana huko sasa ni shamba la chumvi la mtu, bwawa la kamba la mtu, au nyumba ya mtu.

Sitaki mseme nakandia tu. Nimewahi kuona pa kufaulu, tena kwa macho yangu haya. Mwaka jana shangazi alinichukua kwenda harusini Ukunda, Kenya. Basi likivuka Horohoro na Lunga Lunga linapita Msambweni, kisha kuna kibao cha Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini ya Mombasa. Jina hilo nilikuwa nimeshalisoma. Harusi ilipokwisha, shangazi akiwa bado anahesabu khanga za zawadi, nikapanda matatu nikarudi mpaka Gazi.

Akina mama wa Gazi wana njia yao ya mbao inayokatiza ndani ya mikoko. Mgeni analipa kiingilio, anatembea juu ya tope bila kuchafua kiatu. Mama mmoja wa makamo alinitembeza. Nilipomwamkia shikamoo alicheka, akasema, "Marahaba mwanangu, wewe ni wa Tanganyika." Alinionyesha miti kama mtu anayetambulisha ndugu. Yule wa mbele kabisa, anayelala na mawimbi, ni mlilana. Nyuma yake mkoko mwenyewe, mwenye miguu mingi. Kisha muia, kisha mkandaa, na kule juu karibu na nchi kavu ambako chumvi imekolea, mchu. Kila mmoja na kiwango chake cha maji. "Ukimtoa huyu ukampeleka kwa yule, anakufa kwa kiherehere chako," akaniambia.

Msitu ule si wa siku zote. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ilikatwa kuwa kuni za viwanda, na palipokatwa sana pakabaki uwanda ambao haukurudi wenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakijiji na wataalamu wa taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari, KMFRI, akiwemo Dakta James Kairo, walianza kupanda upya, kipande kwa kipande, wakijifunza wapi kunashika na wapi hakushiki. Watafiti walipochunguza vipande hivyo baadaye walikuta kaa wamerudi. Mimi nilisimama juu ya mbao nikaangalia chini: vifaranga vya samaki, mamia, vimejazana kwenye kivuli cha mizizi kama watoto wanaongoja kengele ya mapumziko. Nilitamani mjomba awepo.

Halafu akanieleza la kuuza hewa. Nilidhani ananitania. Mwaka 2013 walianzisha mradi unaoitwa Mikoko Pamoja, wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, wa hekta 117. Mikoko inavuta hewa ya ukaa na kuifungia kwenye mbao na hasa kwenye tope. Wataalamu wanapima, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na watu na makampuni ya ng'ambo yanayotaka kufidia moshi wao yanalipia. Ulikuwa wa kwanza duniani wa aina hiyo kwa mikoko ya wanakijiji, na mwaka 2017 ulipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Fedha zinaingia kwenye mambo ambayo kijiji chenyewe kinakaa kikao kuamua: maji ya bomba, vitabu na madarasa ya shule. Si utajiri. Mama yule alikuwa amevaa kandambili kama zangu. Lakini mwenye shoka anajua akikata usiku anakata bomba la jirani yake. Na kwa kuwa watu lazima wajenge na kupika, walipanda mivinje nchi kavu ili boriti na kuni zitoke huko. Hilo la mivinje ndilo lililonishika zaidi. Kumwambia mtu asikate bila kumpa cha kukata ni hotuba.

"Mnaanzaje?" nikamuuliza. "Mnachagua mbegu?"

"Mbegu baadaye. Kwanza tunaangalia maji. Yanaingia wapi, yanatoka wapi, yanakaa muda gani. Maji yakiwa sawa, mara nyingine mbegu yaja yenyewe."

Nilikuja kusoma baadaye kwamba huko Florida, Marekani, mtaalamu mmoja, Robin Lewis, alifanya hivyohivyo mahali panapoitwa West Lake, kiasi cha hekta 500. Aliondoa kifusi, akafungua njia za maji, akaiacha bahari ilete mbegu. Hakupanda. Msitu ukarudi. Tafuta picha ya bosi aliyekunja suruali akichomeka njia ya maji, hutaipata. Ndiyo maana kazi ya aina hiyo haina wafadhili wengi.

Nilimsimulia mjomba yote hayo, na mbegu moja ya mkoko niliyopewa Gazi, ndefu kama maharage ya jitu, nikamwekea mkononi. Akaigeuzageuza. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi akanipigia simu: njoo, vaa viatu vya kuchafuka.

Alinipeleka nyuma kabisa, kwenye shamba la zamani la chumvi lililoachwa miaka mingi. Limezungushiwa tuta, ndani pamekauka, pamepasuka, peupe kwa chumvi, hapaoti kitu. Lakini bamvua moja kubwa lilikuwa limekula kona ya tuta, upana wa mlango tu. Maji yakijaa yanaingia pale, yakipwa yanatoka. Na kuanzia pale mlangoni, kufuata kijifereji ambacho maji yalijichimbia yenyewe, kulikuwa na miche ya mchu. Hakuna aliyeipanda. Binamu yangu, yule wa simu, aliihesabu: 43. Ng'ambo ya mlango ule, ambako maji hayafiki, sifuri.

"Tukifungua na kona ile," mjomba akasema, "na ile."

Hapo nikawa na kazi ya mwandishi kweli. Maana mikoko ni hifadhi na shamba lile lina historia ya mmiliki, huwezi kuchukua jembe tu ukavunja tuta la mtu kwa sababu umekwenda Gazi. Tukaenda serikali ya mtaa. Tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika. Tukaambiwa iende ofisi nyingine. Ikaenda, nakala mbili, moja imegongwa muhuri wa kupokelewa, ninayo. Wiki ya sita sasa. Mama mmoja pale ofisini alinishauri nisijibebeshe dunia, mimi bado msichana mdogo. Nikamwambia siibebi dunia, nabeba ndoo ya pili ya mama yangu.

Nisikudanganye lakini. Hata wakitujibu kesho, mchu wa kimo cha kiganja haumlishi mtu mwaka huu wala mwakani. Ile miti mikubwa ya Gazi iliyopandwa ni ya tangu miaka ya 1990. Na changu wa mjomba anahitaji pia nyasi na matumbawe, ambako kinachotakiwa ni watu kukubali kuacha. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe mwaka 2005 walitenga eneo la kama hekta 30 wakasema hapa hakuna kutia wavu, na samaki wakaanza kurudi. Lakini kuna wenzao waliolala njaa siku za mwanzo, na hilo halipigiwi makofi. Mjomba ana miaka 58. Mimi nikimwambia subiri, namwambia asubiri kwa tumbo la nani?

Hilo nililiuliza kwa sauti, mkekani, kikao cha pili. Safari hii mke wa mjomba ndiye aliyejibu. Akasema bodaboda zipo nyingi, ajali zipo nyingi, na kijana wake hata baiskeli alijifunza kwa shida. Binamu akanuna. Mama akasema ataongeza mihogo ya kukaanga pembeni ya samaki, ili ndoo moja ifike usiku. Ndiyo mahesabu yetu yalipofikia, msomaji wangu.

Mnunuzi wa ngalawa alikuja tena Jumamosi, fedha taslimu, kwenye mfuko wa rambo. Alizunguka chombo, akagonga gogo kwa kiganja, akasifu kazi ya babu. Mjomba akamkaribisha chai. Kisha akamwambia arudi bamvua lijalo, maana kesho yake alfajiri alikuwa anakitumia.

Ya mahari ni wiki ijayo, safari hii kweli.